Mashavu hayafichwi kwa nywele: mambo ya saluni tunayoyaamini kuhusu uso wa duara

Mteja mwenye uso wa duara akikaa kwenye kiti changu, mara nyingi anaweka viganja mashavuni na kuvuta ngozi kuelekea masikioni. "Dada, nataka nywele zifanye hivi." Namwelewa. Lakini hakuna mkato wala msuko unaopunguza shavu. Uso wa duara ni uso ambao upana na urefu wake unakaribiana, basi. Msusi anachoweza kufanya ni kulipeleka jicho la mtazamaji juu na chini, lisizunguke pembeni. Tatizo ni kwamba mengi tunayoambiana saluni yanalirudisha jicho pembeni.

"Ukimwaga nywele mashavuni, uso unajificha"

Hii inawaponza wengi kuliko zote. Jicho halipimi uso peke yake. Linachukua uso na nywele kama umbo moja, na linatua pale penye upana mkubwa. Nywele zilizojaa zikiishia usawa wa shavu au taya zinaongeza upana kila upande, tena mahali pale pale ulipotaka papungue. Wigi fupi la mawimbi linaloishia kidevuni ndilo kosa ninaloliona sana, na mara nyingi mwenyewe amelinunua akiamini limemficha.

Chukua nywele za wingi huohuo, zinyooke, ncha zishuke mpaka karibu na mtulinga. Sasa una mistari miwili mirefu kandokando ya uso, na uso wenyewe unaonekana umerefuka. Suala ni ujazo umekaa wapi, si nywele zimefunika kiasi gani.

Kwa sababu hiyohiyo, nywele nzito zilizokatwa mbele zikafunika paji lote la uso hazimsaidii mwenye mashavu. Zinamkata urefu, upana unabaki ulivyo. Ukizipenda, zipitishe kwa mshazari, sehemu ya paji ionekane. Na njia ya nywele ikipasuliwa pembeni, hata upana wa vidole viwili tu kutoka katikati, inavunja ule ulinganifu unaoukamilisha mduara.

Wanaojifunika mtandio nao huniuliza. Kitambaa kikibanwa chini ya kidevu kinasukuma nyama ya mashavu mbele na kuuacha uso kama sahani. Kilegeze kidogo, mikunjo ishuke kando ya taya. Kilemba kilichofungwa kwenda juu kinafanya kazi nzuri zaidi, maana kinaongeza urefu bila kugusa mashavu.

"Mwenye mashavu asinyoe"

Nimeshuhudia wanawake wakikaa miaka na nywele zilizochoka kwa sababu ya neno hili moja, nalo si kweli. Nywele fupi zinafunua shingo, masikio na mfupa wa taya, vitu ambavyo vinaupa uso mipaka. Pembeni zikishushwa sana na utosini zikaachwa sentimita 3 hadi 5, umbo zima linasimama. Mtazame Grace Jones, mwimbaji wa Jamaika, katika picha zake za miaka ya 1980: pembeni zimenyolewa, juu zimekatwa bapa kama boksi. Ukimwangalia, jicho linapanda.

Kwa wanaume ni hivyohivyo, ila kwao ndevu ndizo zinazoharibu hesabu. Zikiachwa zijae mashavuni zinapanua. Kinyozi azipunguze pembeni, aache zaidi kidevuni.

"Ukitaka uzuri sharti udhurike: rasta za kubana zinanyanyua uso"

Hapa naomba tutulie, kwa sababu methali hii imetumika vibaya kwenye vichwa vya watu wengi, wakiwemo watoto wadogo.

Ni kweli, siku ya kwanza ngozi ya panjani inavutika na pembe za macho zinapanda kidogo. Mteja anajiangalia kwenye kioo, anafurahi. Lakini mashavu hayajapanda. Shavu limejengwa na mafuta, misuli na mfupa, na mvuto wa rasta haufiki huko. Siku chache baadaye msuko unalegea na hata zile pembe za macho zinarudi mahali pake. Kinachobaki ni mzigo kwenye mizizi ya nywele za ukingoni, ambazo ndizo laini kuliko zote kichwani.

Nywele zikivutwa hivyo mara kwa mara, ukingo unaanza kurudi nyuma. Dalili za mwanzo zinafahamika: vipele vidogo kwenye mstari wa nywele, kichwa kinachogonga usiku hadi unameza dawa ya maumivu, nywele fupi zilizokatika kandokando. Tumezoea kuziona dalili hizi kama sehemu ya kusuka. Nonhlanhla Khumalo, bingwa wa magonjwa ya ngozi na nywele wa Chuo Kikuu cha Cape Town, na wenzake waliwachunguza wasichana na wanawake wa Kiafrika mjini humo, wakakuta tatizo hili kwa karibu theluthi moja ya wanawake watu wazima. Hatari inazidi pale nywele zilizotiwa dawa zinaposukwa kwa kubana, maana dawa imeshaudhoofisha unywele kabla haujavutwa.

Ukiacha mapema, nywele zinaota tena. Ukiendelea miaka, vishimo vya nywele vinageuka kovu, na kovu halioti kitu. Kisha angalia linalotokea kwenye umbo: panja zikitoka, paji linapanuka upande kwa upande. Uso uliotaka kuupunguza umeongezewa upana, tena wa kudumu.

Kwa hiyo mwambie msusi wako alegeze, na useme akiwa kwenye mstari wa kwanza, usisubiri amalize. Msuko unaouma umebana kupita kiasi, hata kama mkono wa msusi ni mzuri namna gani. Kama unataka urefu, uombe kwa njia isiyoumiza. Mistari ya twende kilioni iliyosukwa kwa kulegea na kukusanywa juu ya utosi inakupa urefu uleule. Rasta zako zianzie na nywele zako mwenyewe, zile za kuongeza ziingizwe kidogokidogo, na ziwe nyepesi.

"Zitakaa kama zilivyokatwa"

Kwa nywele za kipilipili, hapana. Zikikatwa zikiwa zimenyooshwa kwa moto halafu zikaoshwa, zinaweza kunywea nusu ya urefu wake, hata zaidi. Ulipanga ziishie mabegani, zinakusanyika shavuni na kujaa pale. Kama utazivaa zikiwa zimejikunja, zikatwe zikiwa zimejikunja. Na kosa likitokea halirekebishiki wiki ijayo, maana nywele huota takriban sentimita 1 kwa mwezi. Ndiyo maana mteja mwenye wasiwasi namwambia avae kwanza wigi la urefu anaoufikiria, aende nalo kazini, sokoni na kanisani au msikitini kwa wiki nzima.

"Picha ya simu inaniambia uso wangu ulivyo"

Mteja ananionyesha selfi, kisha picha ya harusini aliyopigwa kwa mbali. "Ona nilivyonenepa." Picha zote mbili zinaweza kuwa za wiki moja. Simu ikiwa karibu, pua inakuwa kubwa na pembe za uso zinakimbilia nyuma, hivyo uso unaonekana mwembamba kuliko ulivyo. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walikokotoa kwamba selfi ya umbali wa sentimita 30 inaifanya pua ionekane pana kwa takriban asilimia 30 kuliko picha ya umbali wa mita 1.5. Wapo waliokata nywele zao zote kwa hasira ya picha ya harusini, wakati kilichobadilika ni mahali kamera iliposimama.

Kabla hujaja kukaa kwenye kiti, funga nywele zote nyuma, simama mlangoni penye mwanga, mwombe mtu akupige picha akiwa hatua mbili mbele yako, simu ikiwa usawa wa macho. Niletee hiyo. Nitaweka kidole paji, mashavuni na kwenye taya, tutaona wapi pana, ndipo nishike mkasi.