Nakshi za mahekalu ya Taiwan: dhana potofu na ukweli

"Ni mapambo ya vita tu, ukiona moja umeziona zote."
Kila ubao ni tukio moja lililochaguliwa ndani ya hekaya ndefu. Waumini wengi wa zamani hawakujua kusoma; hekaya hizo walizijua kwa kutazama maigizo, na ndiyo maana majemadari wa mbao wamevaa kama waigizaji, bendera nne mgongoni. Anza na silaha na sura. Katika hekaya ya Falme Tatu, simulizi la vita vya China ya kale, Guan Yu ana uso mwekundu, ndevu ndefu na upanga mpana wenye mpini mrefu. Zhang Fei hushika mkuki wenye ncha iliyopindapinda kama nyoka, Liu Bei panga mbili. Wakimzingira mtu mwenye manyoya marefu ya ndege kichwani, huyo ni jemadari adui Lü Bu kwenye lango la Hulao, na kinachosifiwa ni uaminifu wa ndugu wa kiapo. Mtu anayepiga ala ya nyuzi juu ya lango lililo wazi, chini watu wakifagia, ni mpanga mikakati Zhuge Liang akimtimua jemadari adui Sima Yi bila jeshi.

"Hadithi zote zinamhusu mungu wa hekalu hilo."
La. Hekalu la Mazu, mlinzi wa mabaharia, laweza kujaa vita vya Falme Tatu.

"Kushoto ni kushoto kwangu."
Pande huhesabiwa kwa macho ya mungu aliyeketi akitazama nje. Upande wa joka, ambao ni kushoto kwake, uko kulia kwako unapoingia. Huko ndiko pa kuingilia. Kutoka ni upande wa chui-milia. Ukiona mitindo miwili tofauti ya ufundi kati ya pande hizo, usidhani ni ukarabati mbovu. Katika ujenzi mpya wa hekalu la Bao'an, Taipei, mwaka 1917, mafundi wakuu Guo Ta na Chen Yingbin waligawana hekalu katikati wakashindana.

"Hadithi za kuwatii wazazi ni za kupendeza watoto."
Wengi hupita hapa haraka, na ndipo penye makali. Mume mwenye jembe, mke mwenye mtoto mikononi: wageni huona familia ya wakulima. Huyo ni Guo Ju, anayechimba shimo amzike mwanawe ili chakula kimtoshe mama yake mzazi. Tafuta dhahabu shimoni, inayomwokoa mtoto. Bila hiyo tukio halijafika mwisho wake. Wang Xiang hulala kifua wazi juu ya barafu kumtafutia samaki mama wa kambo anayemchukia. Wu Meng, mtoto wa miaka 8, huacha mbu wamnyonye ili wasimfikie baba yake. Katika mkusanyo wa kale wa China zimo hadithi 24 kama hizi, na chache tu zinavumilika zikisomwa kwa utulivu.

"Sanamu za paani ni vyombo vilivyovunjika nyumbani."
Kazi hiyo, jiannian (kukata na kubandika), siku hizi hutumia mabakuli ya rangi yaliyochomwa tanuruni makusudi kwa ajili yake. Fundi hufunga kiunzi cha waya, hukijaza saruji (zamani chokaa yenye nyuzi za katani), kisha hukata vipande kwa koleo na kuvichomeka saruji ikiwa mbichi. Magamba ya joka huanzia mkiani, kila safu ikifunika iliyotangulia. Adui mkubwa ni maji: yakipenya ufa, waya hupata kutu, hutanuka na kupasua saruji kutoka ndani. Kubandika vipande vipya juu bila kubadilisha waya ni kazi itakayorudiwa.