Kwa nini mzee huchanganyikiwa baada ya kupasuliwa nyonga?

Bibi ameingia chumba cha upasuaji akitaniana na manesi. Usiku wa pili anachomoa dripu, anamwita mwanawe kwa jina la kaka aliyekwishafariki, anasema wodini mna mbuzi. Ndugu wanaulizana: amerogwa, au dawa ya usingizi imemharibu akili?

Hiyo ni deliriamu, yaani ubongo kuvurugika ghafla kwa sababu mwili umeelemewa. Dawa ya usingizi hulaumiwa kuliko inavyostahili. Utafiti wa REGAIN wa 2021, uliohusu wagonjwa 1,600 waliovunjika nyonga, ulilinganisha ganzi ya mgongoni na usingizi kamili. Waliochanganyikiwa walikuwa karibu sawa, takriban mmoja kati ya watano kila upande.

Wa kutafutwa ni wengine: maumivu yasiyotulizwa, upungufu wa maji au oksijeni, maambukizi, mkojo uliojaa kibofuni, choo cha siku tatu kilichokwama, kukosa usingizi. Dawa nazo zimo. Diazepamu anayopewa "atulie", au hata Piriton ya mafua, inaweza kumvuruga mzee zaidi.

Ninayemhofia zaidi ni yule asiyepiga kelele. Amelala kimya, hali chakula, hajibu vizuri, na watu wanasema acheni apumzike. Mwombe ataje miezi kinyumenyume kuanzia Desemba. Kama jana angeweza na leo anapotea njiani, mwite daktari.

Habari njema ni kwamba mengi yanazuilika. Huko Boston, katika utafiti wa 2001 wa wagonjwa 126, daktari wa wazee aliwapitia baadhi yao kila siku akishauri mambo ya kawaida kabisa: maumivu yatibiwe, mpira wa mkojo utolewe mapema, dawa zisizo za lazima ziondolewe, mgonjwa aketi na kutembea. Katika kundi lililopata huduma ya kawaida, nusu walichanganyikiwa. Katika kundi lake, asilimia 32.

Ndugu nao wana kazi kubwa hapa, wala si ya kupeleka uji tu. Mleteeni miwani yake, meno yake ya bandia, kifaa chake cha kusikia. Mchana dirisha liwe wazi, usiku taa na kelele zipungue. Msikubali afungwe kamba kitandani kabla sababu haijatafutwa.

Akisema kuna mbuzi, usibishane naye. Mshike mkono, mwambie wewe ni nani, kwamba yuko hospitali, nyonga imeshatengenezwa, na sasa ni asubuhi.