Larpu haionyeshwi, shangazi

Juzi shangazi yangu wa Tanga kanitumia tena ujumbe wa sauti: "Mwanangu, hiyo tamthilia yenu itatoka lini nasi tuione?" Mara ya tano hiyo. Wala si yeye peke yake. Karibu kila Mswahili ninayemsimulia ninachoandaa huku Denmark hufikia palepale: maigizo.

Larpu, yaani mchezo ambao kila aliyemo anakuwa mhusika fulani na kuishi kama yeye, haitoki popote kwa sababu haina mtazamaji! Mwigizaji wa jukwaani akilia, analia ili wewe wa kiti cha nyuma umwone. Kwetu kiti cha nyuma hakipo. Nikilia kambini usiku wa manane, wanaoniona ni wawili watatu, nao wamo mchezoni kama mimi. Maneno ya kukariri hakuna. Mwandaaji anakupa mhusika, deni lake na siri yake, basi. Mengine mnayazua hapohapo, na mwenzako hajui utasema nini.

Ndiyo maana mchezaji hodari si yule mwenye sauti kubwa. Mfalme akiingia, taji lake ni bati tu. Anakuwa mfalme pale sisi tunaponyamaza na kuinamisha vichwa. Shangazi analijua hili kuliko mimi: shikamoo zetu ndizo zinazomkalisha kwenye ukubwa wake. Asiyejua kumpa mwenzake nafasi anaharibu mchezo wa watu mia, hata awe na kipaji gani.

Historia naipitia mbio. Marekani walikuwa wakipigana kwa silaha za sponji tangu 1977, Waingereza wakaanza kucheza ndani ya ngome ya Peckforton mwaka 1982, na mwaka 1997 watu wa nchi za Nordiki, yaani Denmark na jirani zake, wakakutana Oslo, kwenye mkutano wa kwanza wa larpu uitwao Knutepunkt, kuujadili mchezo wenyewe.

Silaha zetu zina ufito wa faiba katikati, sponji juu yake, kisha ngozi ya mpira. Kabla ya mchezo ninabonyeza ncha ya kila upanga kwa kidole gumba. Nikiuhisi ufito, upanga huo unarudi garini, na sitaki mjadala.

Moyo ndio hauna kipimo cha kidole. Yako maneno mawili ya usalama: "kutt", kila kitu kinasimama; "brems", mwenzako anapunguza makali. Yanasaidia sana mchezo ukiwa unaendelea. Ila hisia za mhusika huvuja zikamwingia mchezaji, na uvujaji huo hausubiri ruhusa. Niliwahi kucheza mlinzi wa gereza. Siku tatu baadaye bado nilikuwa nikimjibu kwa ukali rafiki niliyemfungia. Baada ya kila mchezo tunakaa duara, tunavua wahusika, tunazungumza. Miaka yote hii nimewaketisha watu kwenye duara hilo, na bado sijui kama linaponya duara au zinaponya siku.