Kujikaza kwa breki za dramu katika lori la zamani

Kujikaza ni tabia ya breki ya dramu ya kuiongezea nguvu ile ambayo dereva ameitia kwa mguu. Ndani ya dramu, yaani pipa fupi la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu, kuna breki shuu mbili zilizopinda, ambazo kila moja imeshikiliwa ncha moja kwenye egemeo, huku ncha ya pili ikisukumwa na pistoni ya silinda ya gurudumu. Dereva anapokanyaga pedali, mafuta ya breki husukuma pistoni, na shuu hutanuka hadi lainingi, yaani tabaka la kusugua lililofungwa juu ya shuu, iguse ukuta wa ndani wa dramu. Kujikaza huanza hapo. Ikiwa dramu inazunguka kutoka upande wa pistoni kuelekea kwenye egemeo, msuguano huivuta shuu izidi kujibana, kama kabari iliyo chini ya mlango, ambayo hukaza zaidi kadiri mlango unavyosukumwa. Shuu ya pili hukutana na mzunguko unaotoka upande wa egemeo, kwa hiyo husukumwa irudi ndani na mchango wake huwa mdogo.

Baadhi ya malori ya zamani yalifungwa silinda mbili katika kila gurudumu la mbele ili shuu zote mbili zijikaze gari linapokwenda mbele. Lakini gari likirudi nyuma mzunguko hugeuka na breki hizo hupungua nguvu, na pengine ndiyo maana utingo mzoefu huruka chini na jiwe mkononi mara lori linapozima mlimani.

Tabia hiyo ina upande wa hatari, na mkoani Tanga hakuna barabara inayouonyesha vizuri kuliko ile inayoteremka kutoka Lushoto hadi Mombo, ambako malori yaliyosheheni kabichi na viazi hupita kona baada ya kona. Breki ikikanyagwa mfululizo, dramu hupata moto na kutanuka, ikajitenga na shuu, hivyo pedali hushuka zaidi kabla ya kushika. Wakati huohuo lainingi iliyopata moto hupoteza msuguano. Kwa kuwa kujikaza hutegemea msuguano huohuo, upungufu mdogo kwenye lainingi huzaa upungufu mkubwa zaidi kwenye breki nzima, jambo ambalo breki ya diski, isiyojikaza, haliipati kwa kiasi hicho. Yakiongezeka mafuta ya breki yaliyochoka, hali huwa mbaya zaidi: mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi joto 205, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140, na hewa ya pwani ina unyevu wa kutosha. Dawa ya mteremko ni gia ndogo tangu juu, kabla kasi haijapanda.

Fundi anayeielewa tabia hii hatengenezi gurudumu moja peke yake. Lainingi mpya kushoto na iliyochakaa kulia hazina msuguano sawa, na kujikaza huikuza tofauti hiyo hadi usukani uvute upande mmoja. Kwa hiyo lainingi hubadilishwa kwa ekseli nzima, hata kama mwenye gari analalamikia gharama. Lainingi iliyolowa grisi ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, au mafuta ya silinda nayo ni ya kutupwa. Wapo wanaoiosha kwa petroli au kuichoma moto, lakini mafuta yaliyokwisha kuzama ndani hutoka tena breki inapopata joto. Sili iliyovuja lazima ibadilishwe kwanza, la sivyo lainingi mpya italowa vilevile.

Vumbi la ndani ya dramu lifutwe kwa kitambaa chenye maji, lisipulizwe kwa upepo wa kompresa, kwa sababu lainingi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Dramu ipimwe kipenyo sehemu kadhaa, na ikizidi kipimo cha mwisho, ambacho mara nyingi huandikwa kwenye dramu yenyewe, isikerezwe tena: chuma chembamba hupata moto upesi na kinaweza kupasuka. Springi za kurudisha shuu zilizolegea huacha lainingi ikisugua muda wote. Katika baadhi ya malori lainingi mbili za gurudumu moja hazilingani urefu, hivyo mpangilio wake utazamwe kabla ya kufungua chochote.

Baada ya kufunga na kutoa upepo kwenye mfumo, shuu hubanwa hadi zianze kugusa dramu, kisha hulegezwa kidogo mpaka gurudumu lizunguke huru, na pande zote mbili zilingane. Lainingi mpya haigusi dramu kwa uso wake wote siku ya kwanza, kwa hiyo lori lijaribiwe kwanza likiwa tupu, kwenye barabara tambarare, kwa kufunga breki taratibu mara nyingi na kuziacha zipoe, kabla ya kupandishwa Lushoto kuchukua mzigo.