Wastani wa mpigaji wa kriketi, na kisa cha Andy Ganteaume

Katika kriketi, wastani wa mpigaji ni jumla ya mikimbio (yaani pointi) aliyopata, ikigawanywa kwa idadi ya mara alizotolewa, yaani zamu yake ya kupiga ilipokatishwa na wapinzani, wala si kwa idadi ya mara alizoingia kupiga. Mpigaji ambaye zamu ya timu yake imekwisha naye hajatolewa huongezewa mikimbio bila kuongezewa namba ya kugawia. Donald Bradman wa Australia, kwa mfano, aliingia kupiga mara 80 katika mechi zake 52 za Test, akatolewa mara 70 na kupata mikimbio 6,996. Ukigawanya kwa 70 unapata 99.94. Mechi ya Test, kwa wasioifuatilia, ni ile ya siku kadhaa ambayo huchezwa na mataifa yaliyopewa hadhi hiyo tu, hadhi ambayo hata Kenya, pamoja na kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, haikuipata.

Ni kwa hesabu hiyohiyo kwamba Andy Ganteaume wa Trinidad ana wastani wa 112, yaani amempita Bradman. Ganteaume aliichezea West Indies, timu ya pamoja ya nchi za Karibi, mechi moja tu ya Test, dhidi ya Uingereza, katika uwanja wa Queen's Park Oval mjini Port of Spain, Februari 1948. Alianza kupiga pamoja na George Carew, na wawili hao wakaongeza mikimbio 173 kabla ya mmoja wao kutolewa. Ganteaume aliendelea taratibu, taratibu mno kwa maoni ya nahodha wake Gerry Gomez, ambaye alimpelekea kikaratasi uwanjani cha kumtaka aharakishe kwa kuwa muda ulikuwa unayoyoma. Alitolewa akiwa na mikimbio 112. Mechi iliisha sare, naye hakuchaguliwa tena kucheza Test. Hata alipokuwamo katika msafara wa West Indies wa kwenda Uingereza mwaka 1957, hakupangwa katika mechi yoyote ya aina hiyo. Uzito ambao kikaratasi kile kilikuwa nao katika kuachwa kwake umebishaniwa miaka mingi.

Kwa sababu ya wastani kama huo wa zamu moja, orodha nyingi za wastani huwahesabu tu wapigaji walioingia angalau mara 20, na hapo jina la Ganteaume hutoweka. Naona sharti hilo ni la haki, kwani wastani wa zamu moja hausemi lolote zaidi ya zamu yenyewe. Tazama jinsi ulivyo mwepesi kuvunjika: siku ya mwisho ya mechi ile West Indies walihitaji mikimbio 141 kushinda, wakafikisha 72 kwa kupoteza wapigaji watatu muda ulipokwisha, na Ganteaume hakuitwa kuingia. Lau angeingia akatolewa bila mkimbio, wastani wake ungekuwa 56.