Zaburi ya 8: dhana potofu kuhusu "Mtu ni kitu gani?"

Zaburi ya 8 ina mistari 9 tu, lakini imebebeshwa maana nyingi ambazo haikuzisema.

Dhana: "Mtu ni kitu gani" maana yake mtu si kitu

Anayeishia hapo amekata sentensi katikati. Mstari wa 4 unaendelea: "hata umkumbuke". Kinachomshangaza mtunga zaburi si udogo wa mtu, bali kwamba aliye mdogo hivyo anakumbukwa, na mstari wa 5 unamvika taji ya utukufu na heshima. Wengi huchanganya na Ayubu 7:17. Swali ni lile lile, ila pale linatoka kwa mgonjwa aliyechoka, anayemwomba Mungu amwache apumue.

Tazama pia mstari wa 3, unaoziita mbingu "kazi ya vidole vyako". Hakusema ngumi wala mkono wa vita. Alisema vidole, viungo vya kushika sindano na kusuka ukili. Ukuu anaousifu ni wa fundi aliyeinamia kazi yake, na ndiyo maana fundi huyo anamwona hata mtu.

Dhana: Watu wa kale walistaajabu kwa sababu hawakujua ukubwa wa mbingu

Kwa macho matupu, usiku wenye giza totoro, mtu huona nyota kama 3,000 hivi kwa wakati mmoja. Hizo zilitosha kumfanya mtunga zaburi aulize. Leo tunajua galaksi yetu peke yake ina nyota zisizopungua bilioni 100, na swali limezidi uzito. Julai 1969, chombo cha anga Apollo 11 kikirudi kutoka mwezini, mwanaanga Buzz Aldrin alisoma mstari wa 3 na wa 4 katika matangazo ya televisheni.

Dhana: Biblia zinapingana, mara "kuliko Mungu", mara "kuliko malaika"

Mstari wa 5 unasema mtu amefanywa mdogo punde, lakini kuliko nani? Neno la Kiebrania ni *elohim*, ambalo humtaja Mungu na pia viumbe wa mbinguni. Wafasiri wa Septuaginta, tafsiri ya kale ya Agano la Kale kwa Kiyunani, walichagua "malaika", na Waebrania 2:7 ikawafuata. Biblia ile ile ya Union Version ina "Mungu" katika zaburi na "malaika" katika Waebrania. Si kosa la uchapaji.

Dhana: "Umemtawaza" ni ruhusa ya kuitumia dunia tutakavyo

Hii ndiyo inayodhuru kuliko zote. Katika mstari wa 6 mtu ametawazwa "juu ya kazi za mikono yako", kwa hiyo mali bado ina mwenyewe. Zaburi inaanza na kuishia kwa sifa ile ile ya jina la Bwana duniani mwote. Utawala wa mtu umewekwa katikati, umezungukwa na jina hilo pande zote mbili.

Mwanzo 2:15 inampa mtu kazi mbili katika bustani: ailime na aitunze. Kutoka 23:12 inawapa ng'ombe na punda siku ya kupumzika, na Walawi 25 inaipumzisha ardhi mwaka wa 7. Torati inashuka mpaka kwenye kiota: katika Kumbukumbu la Torati 22:6-7, ukikuta ndege ameatamia, makinda waweza kuwachukua, lakini mama mwache aende zake. Mama akibaki hai, ataatamia tena. Sasa mpime mvuvi wa baruti kwa sheria hiyo. Mlipuko mmoja unaua samaki wakubwa na wachanga, na kuvunja matumbawe wanamojificha. Samaki wa baharini wametajwa waziwazi katika mstari wa 8, na huyo hawatawali, anawafuja.

Dhana: Kutafakari ni kufumba macho na kunyamaza

Mtunga zaburi alianza kwa kuangalia. Chagua usiku usio na mbalamwezi, mbali na taa. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza. Ukiwasha simu mara moja, unaanza upya. Soma mstari wa 3 kwa sauti, utazame juu, kisha usome wa 4. Kosa la kawaida ni kukimbilia mstari wa 6, wenye mamlaka, kabla swali la mstari wa 4 halijamwingia mtu.