Je, wajua kwa nini mageuko ya viumbe huwatia mashakani wanaosema hakuna kitu nje ya maumbile?

Tarehe 3 Julai 1881, Charles Darwin, mwasisi wa nadharia ya mageuko, alimwandikia mwandishi William Graham barua yenye shaka nzito: ikiwa akili ya binadamu imechipuka kutoka akili za wanyama, je, yale inayoyasadiki yanaaminika? Shaka hiyo sasa huelekezwa kwa wanaturalisti, yaani wanaoshikilia kwamba hakuna kilichopo zaidi ya maumbile, na binadamu naye ni sehemu ya maumbile hayo tu.

Mwanafalsafa Mmarekani Alvin Plantinga aliijenga hoja hiyo kikamilifu mwaka 1993. Hoja yake haiyakani mageuko. Inauliza uteuzi asilia, yaani mchujo unaowabakiza viumbe wanaoweza kuishi na kuzaa, unachuja nini, na jibu ni mwenendo. Mfano wake ni wa mtu wa kale anayekutana na chui milia. Huenda anakimbia kwa kujua ataliwa. Huenda anatamani kumpapasa, ila anadhani njia bora ya kumpapasa ni kumkimbia. Vyovyote vile, amepona. Basi kama akili zetu zimeundwa na mchujo huo peke yake, hatuna msingi wa kutarajia kwamba zinatupa ukweli, na anayekubali hivyo hawezi tena kuamini lolote alilofikiri, hata unaturalisti wenyewe.

Udhaifu uko kwenye huyo chui. Dhana potofu humwokoa mtu leo, kesho ikamponza mto unapofurika. Anayekosea umbali na idadi kila siku haachi wajukuu. Kwa vitu vya kuonekana na kushikika, mwanaturalisti anajitetea vizuri. Lakini hakuna aliyewahi kuliwa kwa kukosea kuhusu asili ya ulimwengu, na unaturalisti ni dai la aina hiyohiyo. Msumeno huu, hata hivyo, hukata mbele na nyuma: Darwin alikuwa akiishuku imani yake ya ndani kwamba ulimwengu haukutokea kwa bahati.

Pingamizi zito zaidi, kwa maoni yangu, lilitolewa Oxford mwezi Februari 1948. Elizabeth Anscombe, mwanafalsafa Mkatoliki asiye na haja ya kuutetea unaturalisti, aliikosoa hoja kama hii ya mwandishi Mkristo C. S. Lewis, iliyo katika kitabu chake Miracles. Kuuliza nini kimemfanya mtu aamini jambo, alisema, si sawa na kuuliza kama jambo hilo limethibitika. Wazo lililosukumwa na neva za ubongo bado linaweza kuwa na hoja thabiti nyuma yake. Lewis aliandika upya sehemu kubwa ya sura yenye hoja hiyo, na toleo jipya la kitabu likatoka mwaka 1960.